Tobo la Kutundikia

Bawa lilipofanya kazi, lilikuwa la Kheir. Lilipovunjika, likawa la Mashavu. Hilo ndilo kosa alilofanyiwa mwanamke huyu, na aliyemfanyia ni ndugu yake wa tumbo moja, ambaye yeye Mashavu ndiye aliyembeba mgongoni mpaka akajua kutembea.

Mashavu binti Jecha ni fundi wa faiba, Kendwa. Ana miaka arobaini na tisa au hamsini, hakuna aliyeandika. Banda lake liko nyuma ya hoteli mbili, pahala ambapo wageni hawapiti ila wakipotea. Boti za kupeleka watu kuzamia zikigonga mwamba zikapasuka ubavu, huletwa kwake. Anakata palipooza, anasugua kwa msasa, analaza kitambaa cha faiba tabaka kwa tabaka, anakilowesha kwa rezini iliyotiwa dawa ya kugandisha, kisha anasubiri ikauke. Kusubiri ndiko kunakomshinda. Atafagia banda lililokwisha kufagiwa, atatoka mpaka pwani na kurudi, atagusa kazi kwa ncha ya kidole kuona kama bado inanata, naye anajua inanata. Majirani wamezoea. Husema Mashavu akikaa kitako mara mbili kwa siku, basi anaumwa.

Kazi hii hakuisomea. Hakusomea chochote. Baba yao alipofariki yeye alikuwa na miaka kumi na miwili na Kheir minne, na wa kwenda skuli alikuwa mmoja tu. Akaenda Kheir. Mashavu akawa anafukia makumbi ya nazi mchangani na mama yake, wanayafukua yakishaoza, wanayaponda, wanasuka kamba. Na kila daftari la Kheir lilitoka kwenye kamba zile. Baadaye akaja mzungu mmoja kuunda boti pale Kendwa, akatafuta wanawake wa kusugua msasa. Mashavu alisugua miaka mitatu. Mikono ilisugua, macho yakasoma. Mzungu alipoondoka akaacha kalibu zake za kuundia na madumu ya rezini, na Mashavu akabaki nazo.

Kheir yeye ana gereji Jang'ombe, na ana maneno. Gereji ilikuwa haiendi vizuri, maneno yalikuwa yanakwenda.

Siku moja asubuhi akatokea bandani bila ya kupiga simu.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Kafa nani?"

"Hajafa mtu. Kwani lazima afe mtu ndiyo nije?"

"Mara ya mwisho ulikuja alipokufa shangazi. Mara ya kabla yake alikufa mumewe."

Kheir akacheka, akatoa simu, akamwonyesha picha. Ilikuwa gari ya viti viwili, ya kijani, chini kiasi kwamba kuku akikatiza mbele yake dereva humwona miguu tu. Mwenyewe ni Hafiz, kijana wa Mji Mkongwe ambaye watu wake wana nyumba ya wageni, na gari kaileta kwa meli kutoka Dubai. Huko nyuma ya Uroa ipo kampuni iliyotaka kujenga majumba ya matajiri. Ilitandika barabara kwanza, zenye kona na mizunguko, kisha fedha zikaisha, kampuni ikatokomea, lami ikabaki katikati ya msitu bila ya nyumba hata moja. Hafiz na wenzake wa klabu ya magari wamepewa ruhusa ya kupafunga Jumapili moja na kuruka moja, wakakimbiza magari yao humo na kofia ngumu vichwani.

"Sasa anataka bawa la nyuma," alisema Kheir. "Hili hapa, juu ya buti."

"Gari inataka kuruka?"

"Hii haitaki kuruka, ndiyo maana. Bawa la ndege linanyanyua. Hili limegeuzwa, linagandamiza. Upepo unaisukuma gari chini, matairi yanang'ang'ania lami kwenye kona."

"Na haya matobo?"

"Ya kuliinamishia. Ukililaza, gari inakwenda mbio kwenye njia iliyonyooka, lakini ukiingia kona matako yanateleza. Ukilisimamisha linakuwa kama ukuta, linaivuta gari nyuma. Katikati pana pahala pake, na kila gari ina pake. Hafiz anataka ajaribu tobo baada ya tobo mpaka apapate. Kuagiza nje ni miezi mitatu. Nikamwambia ntamtengenezea mimi."

"Wewe?"

Kheir akaangalia chini, akasugua kiatu mchangani. "Mimi na wewe, dada."

Ilimchukua siku kumi na moja. Hakupata kufanya kitu chembamba namna ile chenye kutaka nguvu namna ile, na usingizi ulimkataa. Alichonga umbo kwa mbao, akalipiga lipu, akalisugua mpaka likateleza kama shavu, akatoa kalibu. Bawa lenyewe akaliunda jepesi, mtoto angelibeba. Chini yake akatoa masikio mawili, ndimo boliti zitakamoshika miguu ya chuma ya gari. Ndani ya kila sikio alizika kipande cha alumini kati ya matabaka ya faiba, na juu ya alumini ile akatoboa matobo manne yaliyojipanga kwa kupinda kama ukucha. Tobo la kwanza bawa limelala, la nne limesimama.

Kisha akatoboa la tano.

Hili lisifichwe kwa msomaji, maana ndilo lililoleta yote. Kitu cha faiba kikishatoka kwenye kalibu na kupakwa rangi ya mwisho, hakilazwi. Upande utakaolala utashika mchanga. Hutundikwa juu kwa kamba kikauke, na ili kitundikwe hutobolewa pembeni, pahala pasipo na kazi. Kikikauka, tobo linazibwa, linasuguliwa, hata fundi mwenyewe haoni lilikuwa wapi. Mafundi wote wa pwani ile wanafanya hivyo. Mashavu alitoboa moja katika kila sikio, ukingoni kabisa, nje ya alumini. Ilitokea tu kwamba lilikaa karibu na yale manne, upana wa kidole mbele yake, kama ndugu yao mdogo.

Kheir alifika siku moja kabla ya ile waliyoagana, bawa bado linaning'inia.

"Nnakwenda nalo leo."

"Sijaziba bado. Njoo kesho."

"Dada, Hafiz yuko njiani anakuja gereji. Nshamwambia liko tayari."

Mashavu akaliteremsha, akamshika mkono, akamtia kidole chake kwenye matobo, moja moja. "Manne haya ya kazi. Yana alumini ndani. Hili la kutundikia, faiba tupu. Boliti isitiwe humu hata kwa mzaha. Umeniona?"

"Nshasikia."

"Sikukwambia usikie. Nimekwambia umeniona?"

"Nimekuona, dada. Lakini nna ombi." Hapo sauti yake ikawa ile ya utotoni, ya kuomba daftari jipya. "Siku ya kulijaribu njoo, unisimamie, mimi sijui vitu hivi. Ila usiseme kama umetengeneza wewe. Hafiz akijua sikuliunda mimi, hatonipa magari ya klabu, na hayo ndiyo yatakayoiokoa gereji. Siku hiyo tu. Baadaye ntamwambia mwenyewe."

Mashavu akakubali. Hakulazimishwa, na hilo ndilo linalomwamsha mpaka leo. Alikubali kwa mdomo wake.

"Na mimi ntakuwa nani huko?"

"Dada yangu. Umetuletea chakula."

Basi fundi akapika pilau.

Jumapili ya kulijaribu, kule Uroa walikuwa watu kama ishirini, magari sita na gari moja ya wagonjwa iliyoegeshwa kivulini. Kheir alimtambulisha. "Huyu dada yangu Mashavu, wa Kendwa. Msimwone kimya, subirini mfunue sufuria." Wakacheka, wakamwamkia kwa adabu. Mke wa Hafiz, Ulfat, akamtandikia mkeka karibu na mstari wa kuanzia, naye akakaa na sufuria yake, macho kwenye buti la gari ya kijani.

Hafiz alikuwa mtu wa kuuliza. Alizunguka lile bawa mara tatu. "Sasa Kheir, tutajuaje upepo unapita vipi juu yake? Saa itatwambia mbio tu."

Kheir akajikuna shingo. "Hapo... ngoja nikachukue maji."

Akaja mkekani, akainama kama anayetafuta bilauri. Mashavu alikwisha kufungua mkoba wake wa kufumia vitambaa, anakata uzi wa sufu nyekundu vipande vya urefu wa kiganja.

"Bandika hizi juu ya bawa, na chini yake, kwa gundi ya karatasi," alinong'ona. "Zile boti za tanga za hoteli wanafunga uzi kwenye tanga namna hii, mimi nawazibia boti zao, nawaona. Uzi ukilala umenyooka, upepo umeshika. Uzi ukichezacheza kama mkia wa mbuzi, upepo umekimbia, bawa linavuta bure."

Kheir akarudi nazo mkononi. "Nimekumbuka kitu," aliwaambia.

Wakaanza. Kila tobo raundi tatu, saa mkononi mwa Ulfat, na gari nyingine ikienda sambamba kwenye njia iliyonyooka kuzipiga picha zile nyuzi. Tobo la kwanza gari ilipita kama risasi, lakini kwenye mzunguko wa mwisho mkia ukaruka upande, vumbi likafunika kila mtu. Dakika moja na sekunde kumi na tatu. Tobo la pili, kumi na moja. Mashavu alikuwa hawezi tena kukaa. Alisimama, akazunguka sufuria, akaifunika, akaifunua.

"Bi Mashavu, tulia, pilau haikimbii," Ulfat alimwambia akicheka.

Tobo la tatu, gari iliingia kwenye mzunguko kana kwamba kuna mkono umeikalia mgongoni. Haikuyumba. Dakika moja na sekunde nane. Watu walipiga kelele. Kwenye picha nyuzi zote zilikuwa zimelala, nyekundu, zimenyooka kama zimechanwa kwa kitana. Tobo la nne zile za nyuma zikaanza kucheza, na saa ikarudi kwenye kumi.

"Tatu!" Hafiz alivua kofia ngumu, uso unamchuruzika jasho. "Kheir, Mungu akubarikie mikono yako. Hii kazi hata huko Dubai wangeikodolea macho."

"Alhamdulillahi," alijibu Kheir. "Ni kujaribu tu."

Wakaja kula. Kila aliyepita mkekani alimsifu Mashavu kwa pilau. Mmoja alimuuliza katia nini, iliki au mdalasini, na yeye akamtajia viungo vyote, huku anatazama juu ya bega la mtu yule, kule nyuma ambako Kheir alikuwa anaeleza namna alumini inavyozikwa ndani ya faiba. Alieleza vizuri. Alieleza kwa maneno yake yeye Mashavu, neno kwa neno.

Njiani kurudi alimwambia, "Siku hiyo moja imekwisha. Mwambie. Na bawa nirejeshee Jumatatu nizibe lile tobo."

"Jumatatu, inshallah."

Jumatatu haikuja na bawa. Alipiga simu Jumanne, Alhamisi, na Jumatatu ya pili. Mara ya kwanza Kheir alikuwa na wateja, mara ya pili alikuwa njiani, mara ya tatu simu iliita mpaka ikachoka. Jumapili ilipofika Mashavu alishinda anasugua ubavu wa boti uliokwisha kusuguliwa. Hakualikwa Uroa. Pilau walipika wengine.

Kesho yake, baada ya adhuhuri, nahodha mmoja aitwaye Mbarouk aliingia bandani. Boti ya tajiri wake ilikuwa imepinduliwa pale nje kwenye magogo, nusu imezibwa. Hakukaa. Alisimama mlangoni, simu mkononi, kama aliyekuja kusema habari ya msiba.

"Bi Mashavu, umesikia?"

"Nisikie nini?"

"Ipo sauti inazunguka. Imetoka kundi la wale wa magari, sasa imefika kundi letu la manahodha. Mimi naona bora uisikie kwangu."

Mashavu hajui kusoma. Barua zote za maisha yake amesomewa. Lakini sauti haihitaji kusomewa. Mbarouk akaiwasha, na banda zima likajaa Kheir.

"Assalaam alaykum jamaa. Mimi Kheir. Watu wananipigia simu tangu jana, nataka niseme mara moja yaishe. Lile bawa lililovunjika jana Uroa si kazi ya mkono wangu. Kalitengeneza dada yangu Mashavu, wa Kendwa, anayezibaziba maboti kule. Hakusoma, masikini, na mimi kwa kumhurumia nikampa kazi. Kosa langu ni huruma. Hafiz kavunjika mfupa wa bega, tumwombee dua. Na nyinyi wenye vyombo, angalieni mnampa nani kazi. Ahsanteni."

"Rejesha," alisema Mashavu.

"Bi Mashavu—"

"Rejesha."

Alirejesha mara saba. Mara ya tatu Mashavu aliuliza ni ndefu kiasi gani, na Mbarouk akatazama akasema sekunde arobaini na moja. Mara ya saba alikuwa ameihifadhi, pamoja na pale Kheir alipovuta pumzi kabla ya kusema masikini.

"Mimi sina neno na wewe," alisema Mbarouk, macho kwenye magogo. "Ingekuwa boti yangu mimi, ningekuachia uimalize. Lakini tajiri kasikia. Anasema kama kazi yako imevunjika juu ya nchi kavu, itakuwaje baharini na wageni ndani. Tunakuja kuichukua jioni."

"Nusu haijakauka."

"Nimemwambia."

"Basi mwambie tena. Mwambie asiitie maji kabla ya siku mbili, itafumuka, na atasema nimeiharibu mimi."

Waliichukua. Boti nyingine iliyokuwa njiani kuletwa haikuletwa. Wiki ile watu walimwamkia Mashavu kwa upole wa kupita kiasi, ule wa kumwamkia mgonjwa, na upole ule ulimla kuliko matusi. Alifagia. Alikwenda pwani akarudi. Siku ya nne akavaa buibui, akatia msasa na tochi kwenye mkoba, akaenda mjini.

Nyumba ya Hafiz ina ngazi mbili za mawe na kiwambaza kilichopakwa chokaa juzi. Ulfat alifungua, akamtambua, akasita kidogo tu, akamwambia karibu ndani. Hafiz alikuwa ameketi uani, mkono umefungwa kitambaa shingoni. Na chini ya ngazi, limeegemezwa ukutani kama mtoto aliyetiwa adabu, lilikuwapo bawa.

"Shikamoo, Bi Mashavu."

"Marahaba, mwanangu. Pole na bega. Sikuja kugombana. Nimekuja kuangalia kazi yangu."

Hakungoja ruhusa. Alipiga magoti, akaligeuza, akamulika tochi. Matobo manne yalikuwa mazima, ukingo wa alumini unang'aa ndani yake kama pete. La tano lilikuwa limechanika mpaka nje, masikio yote mawili, nyuzi za faiba zimetoka kama jongoo aliyekanyagwa.

"Njoo. Tia kidole hapa." Hafiz akainama kwa taabu, akatia. "Unahisi chuma?"

"Nahisi."

"Na hapa?"

Hafiz akagusa pale palipochanika. Kidole kilikuta nyuzi tupu.

"Hilo ni tobo la kutundikia likauke rangi. Nilikuwa nilizibe siku ya pili. Boliti nani aliitia humu?"

"Tulitaka kuona kama tobo zaidi litasaidia kwenye ule mzunguko," alisema Hafiz taratibu. "Nilimwuliza Kheir. Nilimwambia, hili mbona liko pembeni sana?"

"Akasemaje?"

"Alinyamaza kidogo. Kisha akasema hilo ndilo la mwisho, kaliweka kwa ajili ya kona kali."

"Alinyamaza kidogo," Mashavu alirudia. Akakaa kitako chini, sakafuni, mwanamke asiyekaa. "Pale aliponyamaza, baba, ndipo nilipokuwapo mimi. Angesema neno moja tu, ngoja nimwulize dada. Bega lako lingekuwa zima. Hakunisahau. Alinikumbuka, akaona bora uvunjike wewe kuliko nijulikane mimi."

Ulfat aliweka kahawa chini, hakuna aliyeigusa.

"Nimekufahamu, Bi Mashavu," alisema Hafiz. "Wallahi nimekufahamu. Lakini Kheir ni mtu wetu wa siku nyingi, ana watoto, na maneno yameshapoa. Tukiyafufua tutamwua yule. Wewe nitengenezee jingine. Kazi yako naijua sasa. Ntakuletea mwenyewe vifaa, tulifanye kimyakimya."

"Kimyakimya tena?" Ulfat alimgeukia mumewe. "Hii ya kwanza ilifanywa kimyakimya, na bega hilo hapo."

"Sasa nifanye nini? Nimfungue mtu mdomo kwa spana?"

"Spana unazo," alisema Ulfat.

Mashavu akanyanyuka, akajipangusa vumbi. "Mwanangu, sikuja kutaka kazi. Kazi nnayo mkononi, hawawezi kuja kuichukua jioni. Nnataka isemwe pale pale ilipochafuliwa. Nyote mnajua, na kila mmoja anajua peke yake chumbani kwake. Mimi huko sikai. Mimi nakaa kule nje, kwenye zile sekunde arobaini na moja."

Akaaga. Hafiz alimsindikiza mpaka mlangoni, akamwahidi atazungumza na Kheir. Labda alizungumza, maana siku sita kabla ya Idi Kheir alifika Kendwa. Alibeba mfuko wa sukari, unga wa ngano na doti ya kanga.

"Dada, shikamoo."

Mashavu alikuwa juu ya ngazi, anafunga kamba kwenye boriti. "Marahaba. Kafa nani?"

Safari hii hakucheka. Aliweka vitu juu ya dumu, akatazama mlangoni kama kuna mtu, akasogea mpaka chini ya ngazi. "Nimekuja kutaka radhi," alisema, kwa sauti ndogo kiasi kwamba Mashavu ilibidi aache kamba ili asikie. "Niliogopa. Waliponizunguka pale, Hafiz yuko chini anapiga makelele, nikaona kila kitu kinakwisha. Ulimi ukatoka wenyewe."

"Ulimi ulitoka siku ya pili, baada ya kulala ukaamka. Simu uliishika kwa mkono."

"Ndiyo."

"Radhi nimekupa. Wewe ni mtoto wa mama yangu, sina pa kukutupa. Sasa toa simu, useme humo."

"Dada..."

"Si hotuba. Mambo matatu. Bawa katengeneza Mashavu. Tobo alinikataza. Nilinyamaza nilipoulizwa. Basi."

"Gereji itakufa. Nshapata magari manne ya klabu. Wakisikia nilidanganya tangu mwanzo..."

"Na banda hili unaliona liko hai?"

Kheir akatazama. Magogo ya nje yalikuwa matupu. Mchanga uliozunguka banda ulikuwa umefagiwa mpaka unaonyesha mistari ya ufagio, na hapakuwa na alama ya mguu wa mtu ila wake na wa dada yake. Akatoa simu. Akalifungua lile kundi, akaweka kidole gumba, akaisogeza mdomoni. Mashavu aliteremka ngazi akasimama mbele yake, mikono anaifinya ndani ya kanga.

"Assalaam alaykum jamaa," alisema Kheir. "Mimi Kheir. Lile bawa..."

Nje boti ilipita, injini ikasikika ikaja ikaenda. Mashavu alimtazama mdomo kama anayemtazama mtoto anayejifunza hatua. Kheir akavuta pumzi, ile ile Mashavu aliyoihifadhi. Kidole kikateleza pembeni, na ile sauti ikafutika kabla ya kwenda popote.

"Ntafanya baada ya Idi," alisema. "Nakuahidi. Baada ya Idi, watu watakuwa wametulia."

"Chukua sukari yako."

"Dada, ni ya Idi."

"Chukua. Na kanga. Ukija na sauti nitaivaa."

Alichukua, akaenda zake, na nyayo zake zikabaki kwenye mchanga uliofagiwa mpaka Mashavu alipozifagia.

Idi imepita, na Idi nyingine imepita. Katika siku zile za kukosa kazi mikono haikuweza kukaa bure, kwa hivyo Mashavu aliunda bawa la pili. Hakuna aliyeliagiza. Ni jepesi kuliko la kwanza, na alumini ameizika kwa upana zaidi. Ulfat alikuja siku moja kuliona, akasema Hafiz bega limepona na anataka kurudi Uroa, atalichukua wakati wowote. Mashavu alimjibu halijawa tayari. Linaning'inia kwenye boriti, limekauka zamani, na tobo la kutundikia liko wazi ukingoni. Kuliziba ni kazi ya dakika tano. Hulipita kila asubuhi, akalisukuma kidogo kwa kiganja, likayumba, akatoka kwenda pwani na kurudi.

Hafiz anadaiwa neno moja, kwamba aliuliza na akajibiwa uongo. Kheir bin Jecha anadaiwa sekunde arobaini na moja, kwa sauti yake, katika kundi lile lile, zenye jina la Mashavu ndani yake. Mpaka leo hajalipa hata moja. Zile chache alizozisema bandani alizifuta mwenyewe.